Tumkumbukeje baba aliyetuachia magari ya zamani?

Binti wa Lang'ata
Ndugu zangu, baba yetu alifariki mwaka jana, na sasa familia inaandaa ibada ya kumbukumbu nyumbani. Alikuwa mtu wa familia kwanza: Jumapili baada ya kanisa alitupakia sote, pamoja na watoto wa jirani, katika Peugeot 404 yake, akatupeleka Ngong, na njiani akatusimulia jinsi gari la aina hiyo lilivyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha likarudia miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Gari hilo lingali bandani pamoja na Volkswagen Beetle na Datsun 1600. Mama hataki yaguswe, ilhali kaka zangu wameshapata wanunuzi. Mimi ningependa wajukuu wamfahamu babu yao kupitia magari haya, tena siku hiyo 404 iwashwe wasikie mngurumo wake. Naomba ushauri.

Mkongwe wa Ngara
Poleni sana, dada, wewe na mama. Kabla ya kuandika wasifu wake, keti na mama akueleze kila gari lilinunuliwa lini, kwa nani, na nani katika familia alizaliwa au kuolewa wakati ule, kwa maana katika nyumba kama yenu historia ya magari na historia ya watoto ni moja. Kisha mtafuteni fundi wake. Mzee mwenye gari la umri huo hakosi mtu wa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, aliyemtafutia spea na kumfungulia kabureta, na mtu huyo huenda anamjua baba yenu kwa namna ambayo ninyi watoto hamkuwahi kumwona. Mwalikeni azungumze.

Fundi, Industrial Area
Dada, pokea pole zangu. Tafadhali msiwashe injini siku hiyo kwa sababu ya majonzi tu. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando mzito ndani ya kabureta, mafuta ya breki hufyonza unyevu hadi silinda zikashika kutu, na panya hutafuna nyaya. Mwageni petroli ya zamani, badilisheni oili, ng'oeni plagi, mtie oili kidogo katika kila silinda ya injini, kisha mzungushe injini kwa mkono kabla ya kugusa stata. Kama muda hautoshi, lisukumeni hadi kwenye nyasi likiwa limeoshwa, mwaache watoto waingie na kushika usukani. Hilo litamheshimu mzee zaidi kuliko injini iliyoharibiwa.

Wakili wa South B
Nina neno kwa kaka zako. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kuuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa. Mahakama hutoa hati ya usimamizi wa mirathi, ambayo kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi 6, na hapo ndipo umiliki wa magari unapoweza kubadilishwa kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Hata baada ya hapo, kwa maoni yangu mama asikilizwe kwanza. Wanunuzi wa magari haya hawatakosekana Nairobi.

Mkongwe wa Ngara
Nikiongeza kidogo: tangu mwaka 1970 kuna mashindano ya Concours d'Elegance, ya kupima uzuri na utunzaji wa magari, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, na waamuzi hukagua hadi uvungu wa gari. Mkilitengeneza 404 kwa subira, wajukuu wenyewe walipeleke huko kwa jina la babu yao.

Binti wa Lang'ata
Asanteni kwa moyo wangu wote. Nimemsomea mama majibu haya, naye amekubali fundi wa baba aje, mradi 404 lisiuzwe. Kaka zangu wamekubali kusubiri mahakama. Fundi, je, ni lazima silinda zote za breki zibadilishwe?

Fundi, Industrial Area
La, zifunguliwe kwanza. Ambayo ukuta wake wa ndani ni laini isafishwe na kutiwa raba mpya. Ambayo kutu imeichimba mashimo ndiyo ya kubadilisha. Paipu za raba zinazopeleka mafuta ya breki zibadilishwe zote, hata zikionekana nzima.