Je, inafaa kuandika programu kwa ajili ya simu za HarmonyOS hapa Lubumbashi?

Kijana_wa_Katuba:
Wakubwa zangu, naomba ushauri. Nimetengeneza programu ya Android inayowasaidia akina mama wa soko la Kenya, hapa hapa mjini, kuandika michango ya likelemba: nani ametoa, nani bado, na ni zamu ya nani kupokea. Mfanyabiashara mmoja anayeleta simu kutoka China ananihimiza niiandike upya kwa ajili ya HarmonyOS NEXT, mfumo ambao Huawei iliuzindua Oktoba 2024 na ambao haufungui programu za Android. Anasema kwamba katika duka la programu lenye bidhaa chache, anayetangulia ndiye anayeonekana. Je, simu hizo zina mustakabali hapa kwetu?

Mzee_wa_Mitambo:
Mdogo wangu, hoja hiyo ya kutangulia ni ya zamani na imewaponza wengi. Windows Phone ilipotoka mwaka 2010, Microsoft haikukosa fedha wala wahandisi, na baadaye ikanunua hata kitengo cha simu cha Nokia. Lakini watengenezaji wa programu walisubiri wanunuzi waongezeke, wanunuzi nao wakasubiri programu, na hakuna aliyekubali kuanza. Instagram ilifika huko mwishoni mwa 2013, wakati wenye iPhone na Android walikuwa wameshaizoea. BlackBerry 10, ya mwaka 2013, ilijaribu njia ya mkato kwa kuzipokea programu za Android, nayo haikupona. Kwa maoni yangu, simu haiuawi na uchache wa programu kwa jumla, bali na kukosekana kwa zile tatu au nne ambazo mtu hawezi kushinda siku bila kuzifungua. Hapa kwetu ya kwanza ni WhatsApp, kwa sababu ndimo zinamopita oda za duka, matangazo ya parokia na habari za msiba. WhatsApp ilipoiacha Windows Phone mwishoni mwa 2019, hata waliobaki na simu hizo wangeendelea nazo kwa nini?

Fundi_Kamalondo:
Nakubaliana na Mzee, ila tusichanganye mambo. Simu ambazo Huawei huziuza nje ya China hutumia EMUI, mfumo wake uliojengwa juu ya Android, ambao bado unafungua programu za Android. Kinachokosekana humo, tangu Mate 30 ya mwaka 2019 na kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, ni huduma za Google. HarmonyOS NEXT imo katika simu za soko la China, na kule mambo ni tofauti kabisa na yale ya Windows Phone: wanunuzi ni wengi kiasi kwamba WeChat ya ujumbe na Alipay ya malipo zenyewe zimeandikwa upya kwa ajili yake. Kwa hiyo mfumo huo unaweza kustawi vizuri bila kumjua mama yeyote wa soko la Kenya. Kijana, mwulize huyo mfanyabiashara analeta simu za toleo gani, kisha utuambie kama programu yako inategemea huduma za Google.

Kijana_wa_Katuba:
Asante, yaya. Inazitegemea kwa jambo moja tu: arifa za kuwakumbusha wanachama siku ya kutoa mchango zinapitia Firebase, huduma ya Google.

Fundi_Kamalondo:
Basi kazi yako ni hiyo, na ni ndogo kuliko kuandika upya programu nzima. Weka njia ya pili ya kutuma arifa kupitia huduma za Huawei, kisha uipeleke programu AppGallery, duka la programu la Huawei, na mwenye simu ya EMUI ataipata bila kuhangaika.

Mwalimu_wa_Kompyuta:
Naongeza neno kwa upande wa mfanyabiashara. Watumiaji wa HarmonyOS NEXT huenda tunao mjini humu humu, maana mkoa wetu na Lualaba zina kampuni nyingi za Kichina za shaba na kobalti, na wafanyakazi wao huja na simu walizonunua kwao. Hao hawachezi likelemba, lakini kampuni zao huhitaji programu za stoo, za magari na za zamu za kazi. ArkTS, lugha ya mfumo huo, imejengwa juu ya lugha nyingine ya programu, TypeScript, hivyo anayeijua hii haanzi sifuri. Ningeijifunza kwa ajili ya mteja aliyekwisha kusaini mkataba, si kwa kutarajia wanunuzi dukani. Kuhusu akina mama, wengi wao wana simu ndogo za vibonyezo: kabla ya Huawei, uwatumie ukumbusho kwa SMS.