Bibi hafiki tena kigangoni, Komunyo nyumbani tunaipangaje?

Mjukuu_wa_Kigango: Tumsifu Yesu Kristo. Bibi ana miaka 86, miguu imegoma. Anatamani kukomunika, ila kinywa kinamkauka na hostia, ule mkate wa Komunyo, humpalia. Siku ya Komunyo anakataa chai na dawa za presha, eti amefunga. Na Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kupakwa mafuta, ni mpaka awe mahututi?

Katekista: Milele na amina. Mpeni mwenyekiti wa jumuiya jina lake alifikishe kwa paroko. Chai anywe, dawa ameze: Kanuni 919 ya Sheria za Kanisa inawaondolea wazee, wagonjwa na wanaowauguza ule mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo. Maji na dawa haviuvunji, hata kwa kijana. Hata mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu humbana mtu mpaka atimize miaka 59. Mwelezeni taratibu, maana anafanya hivyo kwa upendo. Mhudumu anayeleta Komunyo akute meza yenye kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa na glasi ya maji, na redio imezimwa.

Muuguzi_Mlezi: Wengi hupaliwa kwa sababu wanakomunishwa wamelala, au wameinua uso juu. Mketishe wima, nyayo zikanyage sakafu, kidevu kiiname kidogo. Anywe funda dogo kwanza, la sivyo hostia hugandia kwenye kaakaa, hasa akiwa na meno ya bandia. Mwombeni mhudumu ammegee kipande kidogo tu, Kristo yumo mzima. Kisha kijiko cha maji, na asisemeshwe kabla hajameza. Abaki ameketi nusu saa. Akipaliwa hata na maji matupu, apelekwe hospitali aangaliwe anavyomeza. Asiyeweza kabisa kumeza mkate anaweza kupewa Damu ya Kristo peke yake, yaani katika umbo la divai, hilo mzungumze na paroko.

Katekista: Kuhusu Mpako, msingoje! Kanuni 1004 inasema hupewa anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Hurudiwa akipona kisha akaugua tena, au hali ikizidi. Anayeutoa ni padri; shemasi na mhudumu wa Komunyo hawawezi. Kinachoumiza ni familia kumwita padri usiku wa manane, mgonjwa hajitambui, na kuungama hawezi tena. Mwiteni mchana, bibi akiwa na akili zake, nanyi mtoke nje aungame kwa faragha.

Mjukuu_wa_Kigango: Asanteni sana. Rozari nayo anaanza kuchanganya mafumbo.

Muuguzi_Mlezi: Usimsahihishe. Anzisha Salamu Maria kwa lugha aliyofundishwa utotoni, polepole, umwekee rozari mkononi. Mara nyingi ataimalizia mwenyewe.