Mnunuzi wa Kanada anataka kusajili nembo ya asali yetu kwa jina lake. Tumkubalie?

Mwana Sikonge: Wakuu habari zenu. Niko Tabora, tuna kikundi cha wafuga nyuki. Asali tunachuja na kufungasha wenyewe. Nembo tumepeleka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na nembo, imeshatangazwa kwenye jarida lao, tunasubiri siku 60 za pingamizi ziishe. Sasa kuna mnunuzi Kanada kaonja sampuli, kaipenda, ila anataka asajili nembo yetu kule kwa jina la kampuni yake kabla mzigo haujaondoka. Anadai sheria yao imebadilika, si lazima bidhaa iwe sokoni kwanza. Wenzangu wanasema tumwachie, shida yetu soko. Mimi nasita. Cheti cha BRELA hakitoshi?

Mama Dagaa Ujiji: Mwanangu, usithubutu. Siku akipata asali ya bei chee Zambia, ataijaza kwenye jina lenu.

Wakili Kijiweni: Mkuu, kuhusu sheria hajakudanganya. Ilibadilika tarehe 17 Juni 2019. Zamani ulitakiwa utamke kwamba bidhaa imeanza kutumia nembo hiyo ndipo usajili ukamilike. Hilo limeondoka, na muda wa usajili umeshuka kutoka miaka 15 hadi 10. Kwa hiyo kama nembo haijawahi kutumika wala kujulikana kule, anayewahi kupeleka maombi ndiye mwenye nguvu. Cheti cha BRELA kinaishia Bara, hata Zanzibar wana usajili wao.

Ila kuna mlango. Tanzania na Kanada zote zimo kwenye Mkataba wa Paris, ule wa kulinda nembo na uvumbuzi, si wa tabianchi. Mkiomba Kanada ndani ya miezi 6 tangu mlipoomba BRELA, mtahesabiwa tarehe ileile ya BRELA. Hapo hata akiwatangulia wiki hii, nyie mko mbele.

Kaka wa Isevya: Mbona mnamtisha mwenzenu? Nasikia kule usajili wa nia mbaya unafutwa.

Wakili Kijiweni: Unafutwa, ndiyo, ukishaajiri mawakili wa kule. Mtauza mizinga yote. Halafu tangu Aprili 2025 mwenye usajili hawezi kumbana mtu mahakamani ndani ya miaka 3 ya mwanzo kama hajaitumia nembo huko, labda awe na sababu maalumu. Huyu ataitumia, tena kwa asali yenu wenyewe!

Mwana Sikonge: Nimeangalia risiti, miezi 6 haijaisha. Nikimwambia nembo inabaki yetu, yeye tumpe leseni ya kuuza, si atakimbia?

Mama Dagaa Ujiji: Anayetaka asali hakimbii.

Wakili Kijiweni: Mpe leseni, hata ya kuuza peke yake Kanada nzima ukipenda. Lakini mkataba useme wazi kwamba ubora wa asali mnausimamia nyie, na msimamie kweli. Kwa sheria yao, matumizi ya mwenye leseni yanahesabiwa kuwa ya mwenye nembo pale tu mwenye nembo anapodhibiti ubora. Na maombi yatangulie, mkataba usainiwe baadaye.