Treni bila dereva, mdogo wangu aache kusomea?

Mwana Ngamiani: Wadau habarini, mdogo wangu anataka kusomea udereva wa treni sasa kuna jamaa hapa kijiweni anamkatisha tamaa, eti kompyuta zinaichukua hiyo kazi, Dubai metro inajiendesha yenyewe tangu 2009. Ni kweli jamani?

Binti Muheza: Kweli kaka, hata Paris laini namba 1 ilikuwa na madereva wakawatoa, wakamaliza 2012. Lakini reli zile ziko chini ya ardhi au juu ya nguzo, na stesheni zina milango mtu hawezi kudondokea relini. Huku kwetu reli inakata barabara, ng'ombe wanavuka, watoto wa shule wanatembea juu ya mataruma, yani mimi bila macho ya mtu pale mbele siwezi kukubali kabisa.

Fundi Korogwe: Dada uko sahihi ila tusijidanganye, Australia tangu 2018 treni za kubeba madini ya chuma zinatembea mamia ya kilomita porini hamna mtu ndani, zinasimamiwa kutoka mji wa Perth. Halafu London, laini ya Victoria inajiendesha toka 1968 na dereva bado yumo, anafunga milango, anaangalia abiria, ikiharibika anaishika yeye. Dogo asome, ila aongeze signali, yani taa na mitambo ya kuongoza treni, na umeme.

Mwana Ngamiani: Shukrani sana, namwambia leo leo. Hiyo ya signali inasomewa wapi?