Gari la zamani: vipuri vinabadilishwa kila mara, tatizo liko palepale

Swali
Wakuu, habari zenu. Gari langu lina umri mkubwa, taa ya injini huwaka, injini hutetemeka gari likiwa limesimama, na mafuta yanaisha upesi kuliko zamani. Kila fundi husoma msimbo P0171 kwenye mashine kisha hupendekeza kipuri kipya: kwanza ilikuwa sensa ya oksijeni, baadaye plagi na koili, na sasa ninaambiwa ni pampu ya mafuta. Msimbo hufutwa, taa hutulia, halafu hurudi. Nitajuaje kwamba kipuri kinachotajwa ndicho kibovu kabla sijakilipia?

Jibu
Pole sana, mkuu. Msimbo huo hausemi kwamba sensa imekufa, bali kwamba kompyuta inalazimika kuongeza petroli kwa sababu mchanganyiko una hewa nyingi mno. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka taarifa, na mara nyingi mleta habari ndiye huadhibiwa. Kwa gari la umri huo ningeanza na mipira ya hewa iliyo baina ya sensa ya hewa na injini, kwani hukakamaa na kupasuka kutokana na joto, na hewa inayopenya kwenye ufa haipimwi na sensa hiyo ya hewa. Mwombe fundi akuonyeshe kwenye mashine asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli, kwanza bila kukanyaga pedali, kisha injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Asilimia ikiwa kubwa mwanzoni na kushuka kuelekea sifuri mizunguko inapopanda, kuna uwezekano mkubwa kwamba hewa inavuja. Ikizidi kupanda wakati injini inavuta mzigo, hapo ndipo pampu, chujio la mafuta au sensa chafu ya hewa vinastahili kushukiwa.

Jibu
Ninakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila pampu nayo isihukumiwe kwa asilimia peke yake. Presha ya mafuta hupimwa kwa geji na kulinganishwa na kiwango cha mtengenezaji. Ikiwa ndogo, umeme unaofika kwenye pampu upimwe pia, kwa sababu waya wa ardhi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) ulioliwa na kutu huidhoofisha hata pampu mpya. Ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa ya oksijeni nayo huidanganya kompyuta. Tafadhali usikubali msimbo ufutwe kabla ya kunakili kumbukumbu zake, yaani joto la injini, mwendo na mzigo wakati hitilafu ilipojitokeza, kwani zinafutika pamoja nao.

Jibu
Jambo moja la makubaliano: lipia upimaji peke yake, mbali na matengenezo, na uombe matokeo kwa maandishi. Fundi anayelipwa kwa kupima hana haja ya kukuuzia kipuri ili apate ujira wake.

Muuliza swali
Ninawashukuru. Nitaomba vipimo vya mizunguko na presha kwanza, na suala la pampu litasubiri matokeo hayo.