Kilatini: monere na ducere zinanichanganya, naombeni msaada

FrateriMtarajiwa
Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Nipo mwaka wa maandalizi kabla ya kuanza falsafa, na Kilatini kinaninyima usingizi. Kundi la kwanza la vitenzi sina shida nalo. Amo, amas, amat, amamus, amatis, amant, hata ukiniamsha usiku wa manane nakutajia. Balaa linaanzia kundi la pili na la tatu. Monere (kuonya) na ducere (kuongoza) zote naona zinaishia -ere. Kwenye jaribio la Ijumaa tuliambiwa tuandike "Mungu anatuongoza". Nikaandika Deus nos ducet, nikifuata mfano wa monet. Mwalimu akaizungushia ile e duara jekundu, pembeni akaandika "wakati ujao!" Sijaelewa. Nimepata 9 kati ya 30 na mtihani ni baada ya wiki tatu. Nyie mliwezaje kuyatofautisha?

Kadi_Ukutani
Milele na milele, amina. Kariri mdogo wangu. Mimi niliandika zote kwenye kadi nikabandika juu ya kitanda.

DadaSarufi
Akariri, sawa, ila shida yake naiona iko kwenye sikio. Frateri, hebu zitamke kwa sauti hizo mbili. Nakuhakikishia umesema mo-NE-re na du-CE-re, kwa sababu Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, tuna-SO-ma. Ulimi wako umezifanya pacha. Kwa Kilatini e ya monere ni ndefu, mkazo unakaa hapo hapo: mo-NE-re. E ya ducere ni fupi, kwa hiyo mkazo unarudi nyuma: DU-ce-re, kama wengi wetu tunavyosema LA-zima. Kamusi nyingi huweka kistari juu ya e ndefu. Kitafute hicho kistari kabla hujaandika chochote.

Ukishaisikia tofauti, mengine yanafuata. E ndefu haibanduki: moneo, mones, monet, monemus, monetis, monent. E fupi ni dhaifu, inageuka i, na kwenye "wao" inakuwa u: duco, ducis, ducit, ducimus, ducitis, ducunt. Ducet ipo, ila maana yake ni "ataongoza". Mwalimu wako yuko sahihi kabisa.

Kundi la nne lina i ndefu: audio, audis, audit, audimus, auditis, audiunt. Hapa pia tumia sikio: au-DI-mus, lakini DU-ci-mus.

Na usihangaike na viishio. -o, -s, -t, -mus, -tis, -nt vinafanya kazi ya ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, isipokuwa vyenyewe vinakaa mkiani.

Mzee_wa_Altare
Mwanangu, mimi nilitumikia Misa ya Kilatini nikiwa mtoto, kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1960. Hayo makundi yote unayo tayari mdomoni. Imba Gloria, ule wimbo wa Utukufu wa kwenye Misa, polepole: laudamus te, "tunakusifu", ni kundi la kwanza. Adoramus na glorificamus vilevile. Lakini katikati yake kuna benedicimus te, kwa i, kwa kuwa ni benedicere, kundi la tatu. Gratias agimus tibi, la tatu tena. Qui tollis peccata mundi, la tatu. Kisha qui sedes ad dexteram Patris: sedes kwa e, maana ni sedere, kundi la pili. La nne lipo kwenye Sanctus, wimbo wa Mtakatifu: benedictus qui venit, kutoka venire. Sisi tuliimba hayo miaka mingi bila kufundishwa sarufi yake, na hadi leo sikio langu linakataa "sedis" na "tolles".

FrateriMtarajiwa
Mzee, shikamoo. Nimeimba chumbani sasa hivi mpaka mwenzangu akaniuliza kama kuna ibada. Dada, nimejaribu mwenyewe: TOL-le-re, tollo, tollis, tollit, tollimus, tollitis, tollunt. Na se-DE-re, sedeo, sedes, sedet, sedemus, sedetis, sedent. Ila nimekutana na capere. Kamusi haina kistari, kwa hiyo ni CA-pe-re, kundi la tatu, nikaandika capo, capunt. Kitabu kinasema capio, capiunt. Nimekosea wapi?

DadaSarufi
Hizo mbili umepatia zote. Kwenye capere sikio lako halijakosea, kundi ni la tatu kweli. Kuna vitenzi vichache vya kundi hilo vinavyoazima i ya kundi la nne kwenye "mimi" na "wao": capio, capis, capit, capimus, capitis, capiunt. Facere iko hivyohivyo: facio, faciunt. Ndiyo maana kamusi hukupa maneno mawili, capio, capere. La pili linakuambia kundi, la kwanza linakuambia kama kuna i ya kuazima. Daftarini andika yote mawili kila mara. Kesho niletee facere na cupere, nafsi zote sita, nizikague.