Mdogo wangu ameumia uti wa mgongo: sisi tunaomuuguza tufanye nini wodini?

Dada Mkubwa

Ndugu zangu, nawasalimu. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 24, alianguka kutoka juu ya mnazi alipokuwa akiangua nazi huko Pangani, na sasa anaingia wiki ya nne katika hospitali ya rufaa. Pingili ya mgongo iliyo usawa wa kifua ilivunjika na kuubana uti, yaani mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya mgongo. Amefanyiwa upasuaji na kuwekewa vyuma, anaongea na anakula vizuri, lakini kuanzia kifuani kwenda chini hasikii kitu wala hawezi kusogeza miguu. Mama anashinda naye mchana, mimi nakesha naye usiku.

Nina mambo matatu yanayoninyima usingizi. Juzi niliona ngozi ya juu kidogo ya makalio imekuwa nyeusi kuliko kawaida, na nilipoigusa ilikuwa ngumu. Mama naye anataka kumkanda miguu kwa maji ya moto kila jioni, akiamini kwamba damu itatembea na hisia zitarudi. La tatu ndilo zito zaidi: daktari alituambia kwamba huenda asitembee tena, ila mjomba ametukataza tusimweleze, na kila akija humwambia kwamba mwisho wa mwaka atacheza mpira. Mdogo wangu ameanza kuniuliza usiku, wagonjwa wengine wakiwa wamelala, nami hugeuza mazungumzo. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa namna hii.

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, mwanangu. Nitaanza na ngozi kwa sababu hiyo haisubiri. Waonyeshe wauguzi leo hii, na asilalie tena sehemu hiyo mpaka irudi katika hali yake. Sisi wazima hujigeuza usingizini bila kujua, kwa kuwa ngozi iliyobanwa hupeleka taarifa kwenye ubongo. Kwake taarifa hiyo haifiki, hivyo nyinyi ndio mtakaokuwa taarifa yake. Ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na kila anapogeuzwa mkague makalio, nyonga, visigino na vifundo vya miguu. Katika ngozi nyeusi msingoje kuona wekundu. Tafuteni joto, ugumu au rangi iliyokolea. Wekeni mto chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro, na shuka isiwe na mikunjo. Usimgeuze peke yako: mabega na nyonga viende pamoja, na muuguzi awaonyeshe kwanza.

Kuhusu maji ya moto, mweleze mama kwa heshima kwamba asimkande. Mguu usio na hisia huungua bila mwenyewe kujua, nami nimewahi kufunga malengelenge yaliyotokana na mapenzi ya mzazi. Tena mgonjwa aliyelala muda mrefu anaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, na kuusugua mguu huo kunaweza kuing'oa ikaenda kwenye mapafu. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, au akianza ghafla kuhema kwa shida, mwiteni daktari papo hapo. Mikono ya mama isikose kazi, lakini: aombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo amfundishe kukunja na kunyoosha taratibu kifundo, goti na nyonga, maana viungo visipochezeshwa hukakamaa.

Mfuko wa mkojo ukae chini kuliko kibofu, na mpira wake usijikunje. Kwa kuwa ameumia usawa wa kifua, kumbukeni na hili: akipata ghafla maumivu makali ya kichwa, huku uso ukitoka jasho, inueni sehemu ya kichwa ya kitanda, angalieni kama mpira umeziba na mwiteni muuguzi bila kuchelewa. Hiyo ni dharura, kwa sababu shinikizo la damu hupanda mno.

Wa Kiti Mwendo

Dada, mimi ndiye niliyekuwa kitandani. Nilipata ajali ya bodaboda miaka 11 iliyopita, na ndugu zangu walinificha. Nilijua tangu wiki ya pili, kwa jinsi walivyonyamaza kila daktari alipokaribia, na nikabaki na hofu yangu peke yangu kwa sababu hakuna aliyekubali kuizungumza. Kukuuliza usiku maana yake amekuchagua wewe.

Msimwambie kwamba hatatembea kamwe, wala msimwambie habari za mpira. Baada ya ajali uti hupatwa na mshtuko unaoweza kudumu wiki kadhaa, na mshtuko huo huficha hisia na nguvu zilizosalia. Mwombeni daktari ampime tena, pamoja na hisia za sehemu ya haja kubwa, kwani zikiwapo huwa kuna matumaini zaidi. Kisha daktari mwenyewe aseme naye, wewe ukiwa umekaa karibu.

Zamani wengi wenye majeraha haya waliuawa na vidonda na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kuongoza kituo cha Stoke Mandeville, Uingereza, akasisitiza wagonjwa wageuzwe usiku na mchana, na mwaka 1948 akaandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale, ya watu 16 walio kwenye viti vya magurudumu. Michezo ya Paralimpiki, ile ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, ilizaliwa hapo. Mimi leo nina duka na watoto wawili.

Mkazi wa Tanga

Nyongeza ndogo: kama gharama zimewaelemea, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo kabla deni halijawa kubwa.

Dada Mkubwa

Nawashukuru sana. Ngozi imelainika baada ya siku nne za kumlaza kwa ubavu, na mama amejifunza mazoezi. Daktari alizungumza naye jana asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Alilia sana, na mimi nililia. Jioni akaniuliza kama kiti mwendo kinaweza kupita kwenye mlango wa chumba chake, nami nimempigia mjomba simu, akaenda kuupima.